Kitenzi Kisicho na Mtenda: Lugha ya Harakati Dhidi ya Biashara ya Silaha na Kiwanda cha Risasi cha Eldoret

1. Utangulizi

Mwaka 1996 umma wa Kenya ulipata habari ambayo serikali haikuwa imeitangaza: nje ya mji wa Eldoret, katika Bonde la Ufa, palikuwa pamejengwa kiwanda cha risasi. Mitambo na utaalamu wake ulitoka katika kampuni ya FN ya Herstal, nchini Ubelgiji. Uwezo wa kiwanda, kama ulivyotajwa mara nyingi baadaye, ulikuwa risasi zipatazo milioni 20 kwa mwaka. Wanasiasa wa upinzani na watetezi wa haki za binadamu, nchini Kenya na Ulaya, waliuliza maswali mazito. Kwa nini nchi iliyokuwa imeshuhudia mapigano ya kikabila katika Bonde la Ufa tangu mwaka 1991 ijenge kiwanda cha aina hiyo katika bonde hilohilo? Nani angekagua hesabu ya kilichotoka? Na serikali ya Ubelgiji iliruhusuje biashara hiyo? Serikali ya Kenya ilijibu kwamba kiwanda kilikusudiwa kutosheleza mahitaji ya vyombo vya usalama vya nchini. Baada ya hapo mjadala ulififia, na kiwanda kikabaki.

Makala haya hayakusudii kuandika historia ya kiwanda hicho. Yanakusudia kuihakiki lugha iliyotumiwa, na inayoendelea kutumiwa, katika harakati za kupinga biashara ya silaha katika eneo hili la Afrika Mashariki. Hoja yake ni moja. Kiswahili cha harakati hizo kimejengwa juu ya vitenzi visivyo na mtenda, na juu ya sifa zinazomtazama mshika bunduki peke yake. Kwa sababu hiyo dola, ambayo ndiyo mnunuzi, mtengenezaji na mgawaji mkubwa wa silaha, imeponyoka katika sentensi kabla ya kuponyoka katika siasa.

Huenda msomaji akauliza jarida la lugha lina haja gani na mambo ya risasi. Jibu ni kwamba jambo lisilokuwa na jina katika lugha ya umma haliwezi kudaiwa na umma. Mpokot, Mturkana na Mmarakwet wakikutana kuzungumzia amani, lugha inayowaunganisha aghalabu ni Kiswahili. Ikiwa Kiswahili hicho kina neno la kumtaja mwizi wa ng'ombe lakini hakina neno la kumtaja mwenye kiwanda, basi mkutano wa amani umekwisha kupoteza nusu ya ajenda yake kabla haujafunguliwa.

2. Kiwanda na Jina Lake

Jina rasmi la shirika linaloendesha kiwanda cha Eldoret ni Kenya Ordnance Factories Corporation. Lilianzishwa kisheria mwaka 1997 chini ya Sheria ya Mashirika ya Serikali, sura ya 446. Jina hilo halina tafsiri ya Kiswahili iliyozoeleka. Watu wa kawaida husema "kiwanda cha risasi", na hapana shaka kwamba jina hilo la mtaani ni wazi kuliko lile la kisheria. Neno la Kiingereza lililomo katika jina rasmi ni la jumla mno. Laweza kubeba mizinga, makombora, baruti na hata maturubai ya jeshi. Neno risasi halina uficho huo. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya madini ya risasi, yaani ile metali nzito laini. Katika Kiswahili madini na kitu kinachoua vimebaki na jina moja. Asemaye "kiwanda cha risasi" amekwisha kusema kinachotoka mlangoni.

Hata hivyo jina la mtaani lina upungufu wake. Linataja kitu, halimtaji mwenyewe. "Kiwanda cha risasi cha Eldoret" hukitia kiwanda katika milki ya mji, kana kwamba watu wa Eldoret ndio walioagiza mitambo. Umiliki halisi umefichika pande mbili. Upande wa Kenya, kiwanda ni mali ya serikali. Upande wa Ubelgiji, kampuni ya FN yenyewe ilinunuliwa na serikali ya jimbo la Wallonia mwaka 1997, mwaka uleule shirika la Eldoret lilipoanzishwa kisheria. Tena tangu sheria ya mwaka 1991, silaha na mitambo yake haikuweza kutoka Ubelgiji bila leseni ya dola. Kwa hiyo biashara hii tangu mwanzo haikuwa ya walanguzi. Ilikuwa biashara iliyobebwa na serikali pande zote mbili, na lugha ya harakati ilipaswa kusema hivyo.

Namna jina la Kiingereza linavyoweza kuwa ngao ilionekana tena mwaka 2008. Mwezi Septemba mwaka huo maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya MV Faina iliyokuwa ikielekea Mombasa na vifaru 33 vya aina ya T-72. Serikali ya Kenya ilisema vifaru ni vyake. Andrew Mwangura, aliyekuwa akiongoza shirika la kuwasaidia mabaharia huko Mombasa, alisema vilikuwa vikipelekwa Sudan Kusini; akakamatwa. Katika hati za shehena zilionekana herufi GOSS, ambazo watu wengi walizisoma kuwa kifupisho cha Serikali ya Sudan Kusini. Wasemaji wa serikali walidai kwamba herufi hizo zilihusu istilahi ya ndani ya jeshi la Kenya ya ugavi wa zana na usalama. Nyaraka za kibalozi za Marekani zilizofichuliwa mwaka 2010 zilithibitisha kwamba vifaru vilikusudiwa Sudan Kusini. Kwa mwanaisimu, tukio hilo ni somo kamili: taifa zima lilibishana juu ya maana ya herufi nne za lugha ambayo sehemu kubwa ya raia hawaitumii nyumbani, huku swali la msingi, yaani nani aliidhinisha ununuzi na kwa kibali cha nani, likikosa hata sentensi moja ya Kiswahili iliyoshika mizizi.

3. Kitenzi -zagaa

Tangu Azimio la Nairobi la Machi 2000 na Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004, neno lililotawala Kiswahili cha mikutano, redio na magazeti kuhusu jambo hili ni -zagaa. Husemwa "kuzagaa kwa silaha ndogo ndogo", "silaha zimezagaa Kaskazini mwa Bonde la Ufa", "kukomesha kuzagaa kwa bunduki". Kwa kweli neno ni zuri. Katika matumizi ya zamani liliweza kusemwa juu ya mwanga unaong'aa na kuenea kila mahali. Leo limebakia zaidi na maana ya kutapakaa ovyo.

Lakini kisarufi kitenzi hiki si elekezi. Hakichukui shamirisho, wala hakidai mtenda. Kiima chake ni kitu chenyewe kinachotapakaa: mwanga umezagaa, taka zimezagaa, silaha zimezagaa. Msikilizaji haulizi "nani kazizagaza?", kwa sababu sarufi haijamwachia nafasi ya kuuliza. Kiswahili kina uwezo mkubwa wa kumtaja mtenda kwa njia ya mnyambuliko. Vitenzi vya jamii hii vina kauli ya kutendesha: -sambaa huzaa -sambaza, -enea huzaa -eneza, -tapakaa huzaa -tapakaza. Yaani lugha imetayarisha chombo cha kusema "serikali imesambaza risasi" au "risasi zimesambazwa na fulani". Chombo hicho kimeachwa ghalani. Wazungumzaji wameshika kauli inayozifanya silaha zionekane kama nzige au ukungu, kitu kilichojileta chenyewe toka Somalia, Sudan na Uganda.

Wala si kosa kusema kwamba bunduki nyingi zilivuka mipaka. Kuanguka kwa utawala wa Idi Amin mwaka 1979, na ghala la silaha la Moroto kuporwa na wafugaji, kulibadili vita vya mifugo katika eneo zima. Kuanguka kwa Siad Barre mwaka 1991 kukaongeza. Lakini hata hapo silaha hazikuzagaa zenyewe. Zilinunuliwa na serikali, zikatolewa na mataifa makubwa katika ushindani wao, zikawekwa katika ghala la dola, na dola ilipoanguka zikachukuliwa. Kila kiungo cha mnyororo huo kina mtenda. Kitenzi -zagaa huukata mnyororo na kubakiza mwisho wake tu.

Mwaka 2008 Small Arms Survey, taasisi ya utafiti yenye makao yake Geneva, ilichapisha uchunguzi juu ya risasi zilizokuwa mikononi mwa wafugaji wa Turkana Kaskazini. Njia yake ilikuwa rahisi, nayo ni ya kifilolojia kabisa: watafiti walisoma maandishi. Kila ganda la risasi lina alama zilizopigwa kwenye kitako chake zinazoweza kuonyesha kiwanda na mwaka. Kwa kuyasoma na kuyalinganisha maganda hayo, uchunguzi ulihitimisha kwamba karibu nusu ya risasi zilizokuwa zikitumika isivyo halali katika eneo lile zilitolewa na polisi wa Kenya, na kwamba risasi za Eldoret zilikuwa miongoni mwa zilizopatikana huko. Sababu haikuwa ya ajabu. Dola haikuweza kuwalinda Waturkana dhidi ya washambuliaji wa Kitoposa kutoka ng'ambo ya mpaka, ikawapa risasi wajilinde wenyewe; na risasi ikishatolewa haina njia ya kujua italengwa kwa nani.

Hapa pana kinaya ambacho mhakiki wa lugha hawezi kukipita. Ganda la risasi lina maandishi yanayomtaja mtengenezaji wake. Lugha inayoizungumzia risasi hiyohiyo haimtaji. Chuma kimekuwa kikweli kuliko sentensi.

4. Sifa ya Haramu

Neno la pili lenye nguvu ni haramu. "Silaha haramu" ndiyo istilahi ya kawaida katika hotuba za viongozi na katika vipindi vya redio. Neno hili limetoka katika fikihi ya dini, ambamo uharamu hukaa katika kitu au kitendo chenyewe: mzoga ni haramu hata akiula nani. Lakini katika istilahi ya silaha uharamu hautokani na kitu bali na mkono ulioshika. Bunduki ileile, yenye nambari ileile, ni halali mkononi mwa polisi wa akiba asubuhi na ni haramu mkononi mwa ndugu yake jioni. Neno lenye uzito wa dini limeazimwa kubeba tofauti ya karatasi ya kibali.

Matokeo yake ni mawili. Kwanza, silaha ya dola hutakaswa bila ya kuchunguzwa, kwa kuwa kila "haramu" huashiria "halali" iliyokaa kimya upande wa pili. Pili, swali la kiadili linahama kutoka kwa tendo la kuua na kuwa swali la umiliki. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ilieleza katika ripoti yake ya Oktoba 2008 kwamba kati ya watu 1,133 waliokufa, 405 waliuawa kwa risasi, na kwamba polisi walihusika kwa sehemu kubwa katika vifo hivyo. Eldoret na vitongoji vyake vilikuwa miongoni mwa mahali palipoumia zaidi. Haidaiwi hapa kwamba risasi hizo zilitoka kiwanda fulani. Linalodaiwa ni kwamba istilahi ya "silaha haramu" haina uwezo wa kuvitaja vifo hivyo. Vilitendwa kwa bunduki zilizo halali, na kwa hiyo, kwa mujibu wa lugha ya kampeni, havimo katika tatizo la silaha.

5. Kiswahili cha Kupokonya, Kiingereza cha Kutengeneza

Mgawanyo wa kazi baina ya lugha mbili za Kenya unaonekana wazi zaidi katika majina ya operesheni. Mwaka 1984 jeshi liliingia Pokot kwa Operesheni Nyundo. Katikati ya miaka ya 2000 ikaja Dumisha Amani. Mwaka 2008, Mlima Elgon, ilikuwa Okoa Maisha. Na mashirika ya haki za binadamu yalitoa ripoti za wanaume waliokusanywa na kuteswa chini ya jina hilo. Mwaka 2011 majeshi yalivuka kuingia Somalia kwa Linda Nchi. Mwaka 2023, Kaskazini mwa Bonde la Ufa, ilikuja Maliza Uhalifu.

Ukiacha la kwanza, majina haya yote ni vitenzi vya amri pamoja na shamirisho: dumisha, okoa, linda, maliza. Kinyume cha -zagaa, haya ni vitenzi elekezi vyenye nguvu, na mtenda wake, ingawa hatajwi, anajulikana: ni dola. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba Kiswahili rasmi hakimjui mtenda. Kinamjua vema pale dola inapotenda mambo ambayo ingependa kusifiwa. Dola inapopokonya bunduki husema Kiswahili kifupi cha amri. Inapotengeneza risasi husema Kiingereza kirefu cha sheria. Na bunduki zinapokutwa vijijini, basi zimezagaa. Huo ndio mfumo mzima wa lugha ya silaha nchini Kenya, na haukubuniwa na mtu mmoja kwa hila. Umejijenga kwa mazoea, na mazoea ni magumu kuyang'oa kuliko hila.

Mfumo huo una maonyesho yake pia. Machi 2003 serikali iliteketeza bunduki hadharani jijini Nairobi kuadhimisha Azimio la Nairobi. Mwaka 2016 iliteketeza nyingine zaidi ya 5,000 huko Ngong. Moshi huonekana, picha hupigwa, hotuba hutolewa kwa Kiswahili. Uzalishaji hauna sherehe ya aina hiyo. Ulipofika mwaka 2021, ndipo Rais Uhuru Kenyatta alipofungua Ruiru kiwanda cha bunduki ndogo chenye uwezo uliotangazwa wa bunduki 12,000 kwa mwaka. Safari hii hapakuwa na siri, na pingamizi la umma lilikuwa hafifu kuliko lile la mwaka 1996. Miaka 25 ya kampeni dhidi ya "kuzagaa" haikuwa imeupa umma neno moja la kukiulizia kiwanda kipya.

6. Uso wa Milioni Moja

Itakuwa si haki kuwalaumu wanaharakati kana kwamba hawakufanya kitu. Mwezi Oktoba 2003 mashirika ya Amnesty International na Oxfam, pamoja na mtandao wa IANSA, yalianzisha kampeni ya dunia nzima ya kudai mkataba wa kudhibiti biashara ya silaha. Watu walitoa picha za nyuso zao badala ya saini, na uso wa milioni moja ulikuwa wa Mkenya, Julius Arile, kijana wa Pokot Magharibi aliyeacha bunduki ya wizi wa mifugo akawa mwanariadha. Juni 2006 alimkabidhi Kofi Annan ombi hilo huko New York. Mwaka huohuo Kenya ilikuwa moja ya nchi saba zilizoandika azimio la Umoja wa Mataifa lililofungua njia ya mkataba. Mkataba ukapitishwa tarehe 2 Aprili 2013, ukaanza kutumika tarehe 24 Desemba 2014. Hayo ni mafanikio, na sehemu yake ilitoka katika nyanda hizihizi za Eldoret na Kapenguria.

Lakini uhakiki lazima uitazame hadithi iliyochaguliwa. Hadithi ya Arile ni ya kweli na ni ya kuheshimiwa. Kiutanzu, hata hivyo, ni kisa cha toba. Mtu alikosa, akazinduka, akatupa bunduki, akapata uzima mpya. Fasihi simulizi ya Kiswahili na ya jamii za Bonde la Ufa imejaa visa vya namna hiyo, na ndiyo maana kiliwagusa watu. Upungufu wa kisa cha toba ni kwamba mkosaji wake ni mtu mmoja mwenye dhamiri. Kiwanda hakina dhamiri, hakitubu, wala hakikimbii mbio za amani. Umma ulipokwisha kulia na kumpongeza kijana aliyesalimisha bunduki, haukuwa umepewa kisa cha pili, cha wizara iliyoagiza mitambo au ya benki iliyotoa mkopo. Na siku mkataba ulipofunguliwa kutiwa saini, tarehe 3 Juni 2013, nchi 67 zilijitokeza. Kenya, mmoja wa waandishi wa azimio la kwanza, haikuwamo. Kwa kuwa mazungumzo ya nyumbani yalikuwa juu ya toba ya wafugaji, jambo hilo halikuzua kelele ya maana.

Hata neno kampeni lenyewe halikusaidia. Katika masikio ya Mkenya wa kawaida kampeni ni jambo la uchaguzi: magari yenye vipaza sauti, fulana na ahadi. Lisemwapo "kampeni dhidi ya silaha", linabeba mashaka ya kampeni zile. Neno harakati lina heshima zaidi, lakini nalo limeshikwa na mijini.

7. Mfano wa Rada

Je, Kiswahili chaweza kufanya vingine? Mfano uko Tanzania. Desemba 2001 serikali ya Uingereza ilitoa leseni kwa kampuni ya BAE Systems kuiuzia Tanzania rada kwa pauni milioni 28, mwezi mmoja tu baada ya nchi hiyo kupata msamaha wa madeni. Clare Short, waziri wa maendeleo ya kimataifa, aliipinga ndani ya baraza la mawaziri. Waziri Mkuu Tony Blair aliiunga mkono. Wataalamu walisema rada ilikuwa ghali mno na haikufaa vema kazi ya usafiri wa anga wa kiraia. Huko Uingereza kwenyewe, wapinzani wa biashara ya silaha walikuwa wakiishambulia idara ya serikali iliyohudumia mauzo ya silaha nje, iliyoanzishwa mwaka 1966. Mwaka 2007 Gordon Brown alitangaza kuifunga, ingawa kazi zake zilihamishiwa idara nyingine mwaka 2008.

Tanzania jambo hilo halikubaki katika Kiingereza cha wataalamu. Bungeni, magazetini na vijiweni lilijadiliwa kwa Kiswahili, na lugha ikalizalia msamiati. Neno rada likaacha kuwa jina la chombo, likawa jina la kashfa. Mwezi Aprili 2008, waziri Andrew Chenge alipoulizwa juu ya zaidi ya dola milioni moja zilizokutwa katika akaunti yake huko Jersey, aliziita vijisenti. Alijiuzulu, hakupata kutiwa hatiani katika jambo la rada. Lakini neno lile, lenye udogishaji juu ya udogishaji, lilichukuliwa na umma na kugeuzwa kuwa kipimo cha umbali kati ya mkubwa na mnyonge. Desemba 2010 BAE ilikiri mahakamani kosa la kutotunza ipasavyo kumbukumbu za hesabu, na mwaka 2012 ikailipa Tanzania pauni milioni 29.5, zilizotumiwa kununulia vitabu vya shule na madawati. Umma ukaziita "chenji ya rada".

Msemo huo wastahili kuhakikiwa nao. Chenji ni masalio anayorudishiwa mnunuzi baada ya biashara iliyokwisha. Kuita fedha zile chenji ni kukubali kwamba biashara ilikuwa biashara, na kwamba muuzaji ameonyesha uaminifu dukani. Neno fidia lingekuwa la haki zaidi. Hata hivyo msemo una jambo ambalo "kuzagaa" haina: una duka, muuzaji, mnunuzi na fedha. Mtoto wa darasa la sita aliyesoma kitabu kilichonunuliwa kwa chenji ya rada aliweza kuuliza, "Rada iliuzwa na nani?" Swali hilo lina jibu. Swali "silaha zimezagaaje?" lina maelezo tu.

8. Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba hoja hii inaipa sarufi kazi isiyo yake: risasi hutengenezwa kwa mitambo, si kwa kauli za vitenzi. Ni kweli. Hakuna mnyambuliko utakaofunga kiwanda. Lakini madai hayatolewi kwa ishara. Hutolewa kwa sentensi, na sentensi isiyo na mtenda haina wa kudaiwa.

Wengine watasema, kwa uzito zaidi, kwamba kila dola ina haki ya kuvipa silaha vyombo vyake. Kwamba kiwanda cha nyumbani hupunguza utegemezi kwa mabeberu na kuwapa vijana wa Eldoret kazi. Na kwamba risasi yenye alama ya nyumbani hufuatilika kwa urahisi kuliko ile iliyovushwa kwa punda usiku. Hoja hizi hazipaswi kupuuzwa. Ile ya mwisho hasa ni ya kweli: bila maandishi kwenye maganda, uchunguzi wa Turkana usingefika mbali. Ila hoja hizi zenyewe zinahitaji kujadiliwa waziwazi na wale wanaolipa gharama, katika lugha wanayoifahamu. Anayetaka kukitetea kiwanda naye anahitaji Kiswahili chenye mtenda: serikali inatengeneza, serikali inagawa, serikali inahesabu. Akisema hivyo, ataweza kuulizwa hesabu iko wapi.

9. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba lugha ya harakati dhidi ya biashara ya silaha, kama inavyosikika Eldoret na Kaskazini mwa Bonde la Ufa, imefungwa na mambo manne: kitenzi -zagaa kisichodai mtenda, sifa haramu inayotakasa silaha za dola, majina rasmi ya Kiingereza kwa uzalishaji na ya Kiswahili kwa upokonyaji, na kisa cha toba kilichochukua nafasi ya kisa cha uwajibikaji. Mfano wa rada umeonyesha kwamba kifungo hicho si cha Kiswahili chenyewe. Ni cha matumizi.

Kazi inayobaki ni ya wanaisimu na walimu wa lugha kwa kiasi kikubwa. Tangu Katiba ya mwaka 2010 Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza, na raia ana haki ya kudai kwamba shirika la dola linalotengeneza risasi liwe na jina, sheria na taarifa za hesabu katika lugha hiyo. Istilahi zinazohitajika si za ajabu: mtengenezaji, muuzaji, mwidhinishaji, mgawaji, leseni, hesabu ya ghala. Nyingi zimo tayari kamusini. Kinachokosekana ni kuzitumia juu ya dola kama zinavyotumiwa juu ya mchuuzi wa pombe haramu. Chuo Kikuu cha Moi, chenye idara ya Kiswahili, kiko katika kaunti ileile yenye kiwanda. Wanafunzi wanaofundishwa humo kauli za kutendesha na kutendwa hurudi Turkana, Baringo na Marakwet kuwa walimu na watangazaji. Mwanafunzi akiulizwa ageuze sentensi "silaha zimezagaa" katika kauli ya kutendwa na kumtaja mtenda, zoezi hilo litakuwa la sarufi. Litakuwa pia mwanzo wa hesabu ambayo umma uliidai mwaka 1996 na haijatolewa.